Fuata watu, picha zitakuja: namna ya kuwapata wasanii, wapiga picha na wabunifu wa leo

Msomaji ameniandikia hivi: "Mimi si msanii, ni mpenzi wa sanaa tu. Nina hamu ya kuwajua wachoraji, wapiga picha na wabunifu wa leo wanaofanya mambo mapya, lakini kila nikifungua simu naletewa vitu vinavyofanana. Picha nyingi nzuri hazina hata jina la aliyezitengeneza. Nawapataje watu hawa, na nitajuaje kama mtu ni mbunifu kweli au anaiga? Nikimpata ninayempenda, ni adabu kumwandikia?"

Ndugu yangu,

Nianze na simu yako, maana ndiyo inayokuchosha. Programu za picha hazijui sanaa, zinajua kidole chako. Zinahesabu ulisimama wapi, ulirudia kutazama nini, ulimpelekea nani, halafu zinakuletea ndugu wa kile ulichokwisha kukipenda. Sasa fikiria kazi mpya inavyoonekana mara ya kwanza. Jicho halijaizoea, halina pa kuishika, kwa hiyo kidole kinapita. Programu inaandika kwamba hukuipenda, na kesho haikuletei tena kitu cha aina hiyo. Chombo unachokitumia kutafuta upya kimeundwa kwa namna inayouondoa huo upya mbele ya macho yako. Hata ukifuata akaunti elfu nyingine, utaletewa yale yale.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote hapa chini yanatokana nao: acha kufuata picha, fuata watu. Kila msanii amefundishwa na mtu, ameonyesha kazi pamoja na wengine, amechaguliwa na fulani na kuchapishwa na fulani. Mahusiano hayo yameandikwa na yako wazi kwa yeyote. Ukiyafuata kwa subira utafika mahali ambapo hakuna programu ingekupeleka.

Nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1985 Lubaina Himid, mchoraji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, alikusanya kazi za wanawake 11 weusi na wenye asili ya Asia, yeye mwenyewe akiwemo, akazionyesha ICA, taasisi ya sanaa ya kisasa ya London. Hawakupewa ukumbi mkubwa. Kazi zilitundikwa kwenye ushoroba, pale watu wanapopita kwenda kwingine. Mtu aliyepita pale siku hizo akanakili majina yale 11 alikuwa na hazina mkononi. Himid alipata Tuzo ya Turner, tuzo maarufu ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017 akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka 2022 Sonia Boyce aliiwakilisha Uingereza kwenye Bienale ya Venice, Italia, maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, na banda lake likapewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya juu ya maonyesho hayo. Mwaka huo huo Veronica Ryan alitwaa Turner, na Ingrid Pollard alikuwa miongoni mwa walioteuliwa kuiwania. Claudette Johnson akateuliwa mwaka 2024. Wote hao walikuwa kwenye ushoroba ule. Watoa tuzo walihitaji zaidi ya miaka 30 kufika mahali ambapo Himid, msanii mwenyewe, alikuwa ameshafika.

(Kwa miaka mingi Tuzo ya Turner ilikuwa haipewi mtu aliyefikisha miaka 50, na sharti hilo liliondolewa mwaka ule ule aliposhinda Himid. Usidhani basi kwamba "msanii wa leo" lazima awe kijana. Wengine wamefanya kazi mpya kabisa kwa miaka 40 bila kutazamwa.)

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua msanii mmoja tu unayempenda tayari, hata kama ni maarufu. Fungua tovuti yake, utafute ukurasa wenye orodha ya maonyesho aliyoshiriki. Karibu kila msanii anao. Ruka maonyesho yake ya peke yake, maana hayo yatakuonyesha yeye tu. Tafuta maonyesho ya pamoja, hasa yale madogo ya miaka kabla hajajulikana, yaliyofanyika mahali ambapo hujawahi kupasikia. Tafuta orodha ya walioshiriki naye, kisha mtazame mmoja baada ya mwingine bila haraka. Wengi hawatakugusa, na hilo halina neno. Wawili watatu watabaki kichwani hadi kesho yake, na kila mmoja wao ana orodha yake.

Maonyesho ya pamoja yana nguvu hiyo kwa sababu mara nyingi huandaliwa na wasanii wenyewe, na wasanii hutazamana kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote. Seydou Keïta alipiga picha za watu wa Bamako, mji mkuu wa Mali, katika studio yake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, picha za ustadi ambao hadi leo sijaona wa kuupita katika upangaji wa vitambaa, mikono na nyuso. Mwaka 1991 baadhi yake zilionyeshwa New York kama kazi za mpiga picha asiyejulikana. Mfaransa mmoja, André Magnin, alifunga safari hadi Mali kumtafuta mwenye picha hizo. Aliyezitambua ni mpiga picha mwingine wa Bamako, Malick Sidibé, ambaye alimwelekeza kwa Keïta. Na huyo aliyeelekeza hakuwa mtu mdogo: mwaka 2007 Sidibé alipewa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake yote, akawa mpiga picha wa kwanza kupata heshima hiyo.

Uzi huo huo uvute zaidi. Mwaka 1994 Bamako ilianzisha bienale ya upigaji picha. Katika ile ya kwanza zilionekana kazi za Samuel Fosso, aliyezaliwa Kameruni na kufungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Wateja wakishaondoka, Fosso alikuwa akijipiga picha mwenyewe kwa filamu iliyobaki, amevaa mavazi ya kila namna, kisha anampelekea bibi yake aliyekuwa Nigeria. Baadaye alijigeuza viongozi na mashujaa weusi wa karne ya 20, mmoja baada ya mwingine, mbele ya kamera yake. Kutoka kwake unafika kwa Omar Victor Diop wa Senegal, ambaye kazi zake zilionyeshwa Bamako mwaka 2011 na ambaye naye alijipiga picha katika sura za Waafrika wa historia walioishi ughaibuni, huku ameshika mpira au glavu za golikipa. Kutoka hapo nenda kwa Zanele Muholi wa Afrika Kusini, ambaye katika picha anazojipiga mwenyewe vibanio vya nguo na dodoki za waya vinakuwa taji. Umetoka Mali hadi Afrika Kusini, na kila hatua uliongozwa na jambo lililoandikwa mahali: bienale moja, au swali moja ambalo watu watatu wamelijibu kila mmoja kivyake.

Muholi anakupeleka kwenye mlango mwingine, nao ni shule. Alisomea Market Photo Workshop ya Johannesburg, iliyoanzishwa na mpiga picha David Goldblatt mwaka 1989. Shule nzuri ni nyumba yenye nasaba. Ukijua nani anafundisha hapo na nani wamepita hapo, unapata kizazi kizima kwa mkupuo mmoja. Na kwa upande wa wabunifu wa vitu, yaani samani, vyombo, nguo na machapisho, nathubutu kusema hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuliko maonyesho ya wahitimu. Mhitimu bado hana mteja wa kumridhisha. Anauliza maswali ambayo miaka 5 baadaye huenda asipate nafasi ya kuyauliza.

Design Academy Eindhoven ya Uholanzi ni mfano mzuri. Kazi za wahitimu wake huonyeshwa kila Oktoba wakati wa wiki ya ubunifu ya nchi hiyo, na shule huziweka pia mtandaoni pamoja na majina. Hapo ndipo walipopita Andrea Trimarchi na Simone Farresin, Waitaliano wawili wanaofanya kazi kwa jina la Formafantasma. Wao wanaweza kutumia miaka kuchunguza takataka za vifaa vya umeme au biashara ya mbao duniani kabla ya kuchora kiti kimoja. Hapo pia alipita Christien Meindertsma, aliyemfuatilia nguruwe mmoja baada ya kuchinjwa na kuorodhesha bidhaa 185 zilizotokana naye, nyingi zikiwa vitu ambavyo mtumiaji hawezi kudhani vina asili ya mnyama. Kazi yake ilikuwa kuonyesha. Hakuna kitu kipya kilichoundwa. Nami nauita huo ubunifu wa hali ya juu, kwa sababu baada ya kuiona hutazami tena bidhaa dukani kama zamani. Ukitaka walio hatua moja mbele ya wahitimu, tazama SaloneSatellite ya Milan, sehemu ya maonyesho makubwa ya samani iliyotengwa tangu mwaka 1998 kwa wabunifu wasiozidi miaka 35.

Halafu kuna watu wa kuwafuata kuliko hata wasanii: wasimamizi wa maonyesho, wale wanaochagua kazi na kuamua zipi zikae ukuta mmoja. Msimamizi mzuri ametembelea studio nyingi ambazo wewe hutazitembelea kamwe. Ukimpata mmoja ambaye chaguo zake mbili tatu zimekugusa, mwamini, soma orodha zake zote. Okwui Enwezor, aliyezaliwa Nigeria, aliandaa maonyesho ya wapiga picha wa Afrika kwenye makumbusho ya Guggenheim ya New York mwaka 1996, akaongoza documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, mwaka 2002, na Bienale ya Venice mwaka 2015. Amefariki, lakini orodha za washiriki wa maonyesho hayo bado zinafundisha. Koyo Kouoh alianzisha kituo cha sanaa cha RAW Material Company mjini Dakar, kisha akaliongoza jumba la sanaa la Zeitz MOCAA la Cape Town, ambako mwaka 2022 yalifunguliwa maonyesho ya karne nzima ya wachoraji weusi wanaochora watu weusi. Majina ya maonyesho yale peke yake yanatosha kukushughulisha mwaka mzima. Kifo chake mwaka 2025, akiwa ameshateuliwa kuiandaa Bienale ya Venice ya mwaka uliofuata, kilikuwa pigo kubwa kwa sanaa. Na mwaka 2022 documenta iliongozwa na ruangrupa, kikundi cha wasanii kutoka Jakarta. Hao walialika vikundi vingine, na vikundi hivyo vikaalika wenzao, mpaka orodha ikawa na vikundi kutoka kila bara, vingi vikiwa havijawahi kuonyeshwa mahali pakubwa namna hiyo.

Huhitaji kusafiri kwenda huko. Bienale nyingi huweka majina ya washiriki kwenye tovuti zao, na huko ndiko kazi yako inakoanzia. Jiandikishe pia kupokea barua pepe za vituo vidogo vitatu au vinne unavyoviamini. Barua hizo huandikwa na mtu aliyekaa akachagua, na hazibadiliki kwa sababu ya kidole chako.

Kuhusu wapiga picha peke yao nina neno la ziada: tafuta vitabu vyao. Picha moja nzuri inaweza kuwa bahati. Kitabu hakiwezi, maana lazima mtu aamue picha ipi ifuate ipi, ipi ikatwe, wapi pawe na ukurasa mtupu. Mwaka 2012 Cristina de Middel, mwandishi wa habari wa picha kutoka Hispania aliyechoshwa na mipaka ya kazi hiyo, alichapisha kwa gharama yake nakala 1,000 za kitabu kuhusu Wazambia waliotaka kwenda mwezini. Mpango huo ulikuwepo kweli: Edward Makuka Nkoloso aliutangaza miaka ya 1960, nchi ilipopata uhuru. Picha zenyewe de Middel alizitunga, na alichanganya ukweli na uzushi kwa makusudi ili kumfanya mtazamaji ajiulize kwa nini anaamini picha za Afrika anazoletewa na magazeti. Nakala zote ziliisha, na mwaka uliofuata kazi hiyo iliingia kwenye orodha fupi ya tuzo kubwa ya upigaji picha ya Deutsche Börse. Hakuna mchapishaji mkubwa aliyehusika. Vitabu vya namna hii mara nyingi vina video fupi za mtu akifungua kurasa moja baada ya nyingine, kwa hiyo unaweza kukisoma kitabu usichoweza kukinunua. Na ukifika mwisho wa kitabu chochote cha picha, tazama ule ukurasa wenye maandishi madogo: jina la aliyekisanifu lipo hapo. Wabunifu wengi wa machapisho hawaonekani popote pengine.

Picha zisizo na majina nitazimaliza haraka, kwa sababu dawa yake ni rahisi. Itafute picha kwa kutumia picha yenyewe. Injini nyingi za kutafutia zina huduma hiyo, na TinEye imejengwa kwa kazi hiyo tu na inaweza kupanga matokeo kwa tarehe ilipoyakuta mtandaoni, ili upate fununu ya ilikoanzia. Usiridhike na akaunti iliyoisambaza. Endelea mpaka ufike kwenye ukurasa wa mwenyewe au wa jumba lililoionyesha. Na siku hizi jihadhari na vitu ambavyo havipo kabisa. Viti vinavyoelea, nyumba zilizochipua kama uyoga, nguo za vioo: vingi ni picha za akili mnemba zinazozungushwa kana kwamba kuna mtu aliyevitengeneza. Kitu halisi kina vipimo, kina jina la malighafi, kina mwaka, kimepigwa picha kutoka pande zaidi ya moja, na kuna mahali kilipowekwa watu wakakizunguka. Ukikosa yote hayo, endelea na safari yako.

Sasa swali gumu: utajuaje kama mtu ni mbunifu kweli?

Kwanza tofautisha kushtuka na kuona upya. Kazi inayoshtua inaisha nguvu ukiitazama mara ya tatu. Kazi yenye ubunifu ndipo inaanza. Lakini huwezi kulijua hilo kwa kutazama kazi moja, kwa hiyo jiwekee kanuni ya kutazama miaka 10 ya mtu kabla ya kumhukumu. Mtazame El Anatsui, Mghana aliyezaliwa mwaka 1944 na kufundisha kwa muda mrefu katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Watu wengi wanamjua kwa yale mapazia makubwa yanayong'aa, yaliyoshonwa kwa vizibo na vifuniko vya chupa za pombe na waya wa shaba. Ukiyaona peke yake unaweza kudhani ni mtu aliyepata wazo zuri la kutumia takataka. Rudi nyuma: miaka ya 1970 alikuwa akifanya kazi za vyungu vilivyovunjika, kisha akachonga mbao kwa msumeno wa injini, na gunia la vizibo alilipata mwishoni mwa miaka ya 1990 tu. Swali lake limekuwa lile lile, kwamba kitu kilichovunjika au kutupwa kinawezaje kuunganishwa kikawa na maisha mengine. Hata mapazia hayana umbo moja: wanaoyatundika wana ruhusa ya kuyakunja na kuyaachia upya kila yanapohamishwa. Hapo ndipo ninapouona ubunifu, katika uamuzi wa kuacha umbo liwe wazi. Mng'ao wa vizibo unakuja baadaye.

Kwa wabunifu wa majengo na vitu, uliza kitu hicho kinajibu swali gani. Francis Kéré alipokuwa bado mwanafunzi Berlin alichangisha fedha za kujenga shule ya msingi katika kijiji alichozaliwa, Gando, Burkina Faso. Ilikamilika mwaka 2001. Joto ndilo lililokuwa tatizo. Alijenga kuta za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, akaweka dari yenye nafasi za kupitisha hewa, kisha paa la bati akaliinua juu, mbali na dari, ili hewa ya moto itoke na upepo upite katikati. Ukitazama picha unaona paa linaloelea, unasema ni zuri. Lakini uzuri huo umezaliwa na joto. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote kwa wasanifu majengo. Anayemwiga atachukua paa na kuacha sababu, na hapo ndipo utamjua: mwulize paa lake limeinuliwa kwa nini.

Kuhusu kuiga, usiwe mwepesi wa kushtaki. Kufanana peke yake hakuthibitishi kitu. Huko Bangui, Fosso alijipiga picha akiwa amejigeuza watu wengine kuanzia mwaka 1975. Huko New York, Mmarekani Cindy Sherman alianza mwaka 1977 kujipiga picha akiwa amejigeuza wahusika wa filamu za kubuni. Kijana yule wa Bangui hakuwa na habari za Sherman, na picha zake mwenyewe hazikujulikana nje hadi miaka ya 1990. Na wanaoanza karibu wote huazima. Ndivyo mkono unavyojifunza. Ninachokitazama mimi ni kama mtu anataja alikoazima. Msanii anayesema wazi "nimejifunza kwa fulani" kwa kawaida ana safari yake. Anayeficha nyayo ndiye wa kutiliwa shaka.

Mwisho, ndiyo, mwandikie. Wasanii wengi, hata wenye majina, hufanya kazi kwa miezi bila kusikia neno kutoka kwa mtu asiye na maslahi. Andika barua fupi. Taja kazi moja kwa jina na mwaka, sema ulichokiona ndani yake, sio kwamba ni nzuri tu. Usimwombe akufundishe, usimtumie kazi zako bila kuombwa, na ukitaka kusambaza picha yake omba ruhusa na uandike jina lake lote. Kama uwezo unaruhusu, nunua kitabu au chapa ndogo ya kazi yake iliyotiwa saini; kwa msanii anayeanza, mauzo ya namna hiyo ndiyo yanayolipia kazi inayofuata. Kisha muulize swali moja tu, linalojibika kwa mistari miwili: siku hizi wewe unatazama kazi za nani? Majina atakayokupa yaandike, uanze nayo.